Rimu Nyeusi na Vumbi la Breki: Kuziosha Bila Kuziparuza

Aliyenunua rimu nyeusi akidhani nyeusi haionyeshi uchafu hajawahi kuvaa suruali nyeusi Nakuru mwezi wa Februari. Wapo wanaosema hata jina la mji lilitokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na ukilaza gari Kiamunyi usiku mmoja tu utawaamini. Kwenye rimu nyeusi vumbi la barabara huonekana kijivu, maji ya kisima yakikauka huacha madoa meupe, na vumbi la breki hutanda kama masizi yenye wekundu wa kutu. Rimu ya rangi ya fedha hukufichia yote matatu. Nyeusi haikufichii kitu.

Zangu ni nyeusi za kung'aa. Seti ya kwanza niliiharibu kwa siku moja. Nilikuwa natoka Kericho, nikapita Mau Summit, na kutoka Sachangwan nikateremka nyuma ya trela lililojaa, mguu haukutoka kwenye breki hadi Salgaa. Nilipofika Nakuru niliingia moja kwa moja mahali pa kuoshea magari, rimu zikiwa na joto la kupikia chapati. Kijana akazipiga maji ya presha, mvuke ukapaa. Akasugua kidogo, akainuka, akaniambia, "Mdosi, hii imeshika. Wacha nilete dawa." Dawa ilikuwa kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, na ilikuja pamoja na waya wa kusugulia sufuria. Mimi nimekaa kwenye benchi nasoma simu. Alipomaliza rimu zilikuwa zinameremeta, nikamwongezea na ya chai.

Kesho yake asubuhi, jua lilipozipiga kwa upande, niliona mikwaruzo ya duara kama mistari ya sahani ya santuri, na kuzunguka kila nati rangi imefifia ikawa ya majivu. Dawa ile ilikuwa asidi ya kusafishia choo. Siwezi kusema kijana alinidanganya. Aliahidi uchafu utatoka, na ulitoka. Tangu siku hiyo naziosha mwenyewe.

Vumbi lenyewe

Kila ukikanyaga breki, pedi huibana diski inayozunguka, na zote mbili hulika. Diski ni chuma cha kusubu. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini na gundi inayostahimili joto, na pedi nyingi zina chuma ndani yake pia. Kinachotoka ni unga laini wenye chuma kingi, nao hutoka ukiwa wa moto. Siku za mwanzo maji na sabuni huuondoa bila ubishi. Ukiuacha wiki kadhaa ukalowa umande na mvua, chembe za chuma hushika kutu, kutu huvimba, kisha hujichimbia ndani ya ule utando wa juu wa rangi. Hapo ndipo watu huanza kutafuta waya na asidi. Ukiwahi, hutahitaji nguvu. Ukichelewa, nguvu ndiyo itakayoharibu rimu.

Za mbele huchafuka kuliko za nyuma, kwa sababu ukifunga breki uzito wa gari huinamia mbele na breki za mbele ndizo hubeba mzigo. Kama gari lako lina breki za ngoma nyuma, vumbi lake hubaki ndani ya ngoma, na rimu za nyuma zitakufanya ujione fundi wa usafi bila kufanya lolote.

Jua rimu yako ni nyeusi ya namna gani

Usiruke hapa. Kuna nyeusi ya kiwandani yenye utando wa ulinzi unaong'aa juu yake. Kuna nyeusi isiyong'aa. Kuna ya rangi ya unga iliyochomwa kwenye tanuri, ambayo ni ngumu sana. Kuna ile ya kupuliza kama mpira, ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea. Na kuna ya jua kali, iliyopulizwa kwa kopo au kwa kompresa uwanjani, ambayo mara nyingi haina utando wowote juu.

Kuitambua ya mwisho ni rahisi. Osha kipande kidogo nyuma ya spoki, mahali pasipoonekana, hadi kiwe safi kabisa. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye povu kidogo la sabuni ukisugue hapo mara kumi. Kitambaa kikitoka cheusi tena, hiyo ni rangi inayotoka, haina kinga. Rimu ya namna hiyo ioshe kwa maji na shampuu ya gari peke yake; dawa zote ninazozitaja hapa chini ziache dukani.

Nyeusi isiyong'aa nayo ina masharti yake: usiipake nta ya kung'arisha wala polishi. Itang'aa mabaka mabaka, na baka likishaingia haliondoki kwa maombi.

Vitu vya kuandaa

Ndoo mbili. Moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye rimu usirudi kwenye rimu. Nazo ziwe za rimu tu. Kitambaa kilichogusa vumbi la breki kikipita kwenye boneti utaichora kama daftari la mtoto.

Brashi laini ya kuingia kati ya spoki, mswaki wa zamani wa kuzunguka nati, vitambaa viwili vya maikrofaiba vya bei nafuu, kimoja kisafi cha kukaushia, na glavu za mpira. Shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia waachie wanaofua: ni kali, inaondoa kinga yote ya nta, na punje zisizoyeyuka vizuri huparuza. Sabuni ya vyombo nayo huondoa nta, kwa hivyo naitumia mara moja tu, siku ninayotaka kuondoa nta ya zamani ili nipake mpya.

Halafu kuna dawa ya kuyeyusha chuma. Kwenye maduka ya vipodozi vya magari ukiomba "aironi rimuva" utaeleweka. Hiyo si ya kila wiki. Nitaieleza mahali pake.

Kazi yenyewe

1. Acha zipoe. Kama umetoka safari, kunywa chai kwanza. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa; ukihisi joto, bado. Maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda, na diski iliyopinda utaijua kwa jinsi usukani utakavyotetemeka kila ukifunga breki. Pili, shampuu au dawa kwenye rimu ya moto hukauka kabla ya kufanya kazi na kuacha doa baya kuliko ulilokuja kuondoa. Mimi huosha saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likishapoa. Adhuhuri, hata kivulini, maji hukauka haraka mno.

2. Gurudumu moja kwa wakati. Usimwagie sabuni zote nne halafu uanze kukimbia.

3. Mwagia maji mengi kabla ya kugusa kitu. Hii ndiyo hatua ambayo watu huipuuza, na ndiyo inayookoa rimu. Mwagia kutoka juu, ingiza maji nyuma ya spoki, lenga kila kona. Unataka kila punje inayoweza kuondoka yenyewe iondoke kabla kitambaa hakijafika. Kama huna mpira wa maji, mtungi wa lita 20 na kopo vinatosha, mradi usiwe na haraka. Na usifute rimu kavu kamwe, hata kwa kitambaa cha hariri, hata kama ni "kupangusa kidogo tu" kabla ya kuingia harusini. Ule unga ni chuma. Unasugua rangi kwa msasa.

Ukitumia mashine ya presha, kaa mbali kidogo, na usiielekeze kwenye ukingo uliobanduka rangi, itaendelea kubandua.

4. Sabuni. Chovya brashi, anza ndani ya pipa la rimu, kule nyuma ya spoki, kisha uso wa spoki kwa kitambaa, mwisho kuzunguka nati kwa mswaki. Acha sabuni ifanye kazi, mkono uwe mwepesi kama unayemwosha mtoto uso. Suuza kitambaa kwenye ndoo ya pili kila baada ya spoki mbili tatu. Ukichungulia chini ya ndoo utaona tope la kijivu limetulia. Ndilo lingekuwa linazunguka kwenye rangi yako.

Pipa la ndani linahitaji subira hasa kwa wanaopita barabara za udongo. Udongo mwekundu wa Kakamega, au ule mweusi wa Kano upande wa Ahero, ukishikamana ndani ya rimu ukakauka, gurudumu hupoteza mizani. Usukani unaanza kutetemeka barabarani, mtu anakimbilia kufanyiwa balansi, analipa, kumbe alikuwa amebeba tofali la matope. Toa matope kwanza, endesha, ndipo uamue kama fundi anahitajika.

5. Suuza, tazama. Kama rimu ni laini ukiipapasa kwa kidole kilicholowa, nenda kukausha. Kama inakwaruza mithili ya ulimi wa paka, au unaona vidoa vya kahawia ambavyo sabuni haikuvigusa, hicho ni chuma kilichojichimbia.

6. Dawa ya chuma, ikihitajika tu. Vaa glavu, fungua geti hewa ipite. Inanuka kama yai viza, na hiyo ndiyo harufu yake ya kawaida. Pulizia kwenye rimu iliyopoa, iliyo kivulini. Baada ya dakika moja au mbili itaanza kubadilika rangi palipo na chuma, halafu itatiririka zambarau, kama mtu amepasua matunda ya zambarau juu ya spoki. Binti yangu mdogo alipoiona mara ya kwanza alikimbia ndani kumwambia mama yake gari linatoka damu. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi ni dakika chache, na usiiache ikauke. Pitisha brashi laini, kisha suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Vidoa vikibaki, rudia mara ya pili siku nyingine badala ya kuongeza nguvu ya mkono. Mara tatu au nne kwa mwaka zinatosha kwa gari la mjini.

Asidi ndiyo inayouzwa kwa bei ya chini kuliko zote, na inafanya kazi haraka, ndiyo maana inapendwa. Zipo dawa za rimu zenye asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuunguza hadi ndani, wakati mwingine maumivu yakija saa kadhaa baadaye. Kama chupa haina maandishi, usiitumie, na usimruhusu mtu aitumie kwenye gari lako wala kwenye mikono yake mwenyewe.

Maji ya Nakuru

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiosha vizuri kisha wakaharibu mwishoni.

Wengi wetu pembezoni mwa mji tunategemea visima. Maji ya visima vya Bonde la Ufa ni yale yale yenye floridi inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na pamoja na floridi yamebeba chumvi nyingine. Tone likikauka kwenye rimu nyeusi, maji hupaa na chumvi hubaki: duara jeupe lenye ukingo. Ukiliacha jua likalipiga siku kadhaa, duara linakula utando wa rangi, na hapo halitoki kwa sabuni.

Dawa yangu ni tangi la maji ya mvua. Naosha kwa maji ya kisima, lakini maji ya mwisho ya kusuuzia huwa ya mvua, lita tano kwa magurudumu yote manne. Maji ya mvua hayana chumvi ya kuacha. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata beseni lililowekwa chini ya mfereji wa paa linatosha. Wa Kisumu wanaotumia maji ya bomba yanayotoka ziwani wana nafuu, maana maji ya Ziwa Viktoria ni laini. Ila nafuu hiyo isiwe sababu ya kuliingiza gari ziwani lenyewe kuliosha. Oili, sabuni na ule unga wa chuma vinaenda kwenye maji ambayo mtu mwingine anachota.

Kama madoa meupe yameshaingia, changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa kwa dakika moja, kisha suuza sana. Fanya hivyo kwenye rimu yenye utando mzima tu. Palipobanduka rangi hadi kwenye aluminiamu, siki huishambulia.

7. Kausha papo hapo. Kitambaa kisafi, kwa kugandamiza zaidi ya kusugua. Maji yaliyojificha kwenye mashimo ya nati yatoe kwa pembe ya kitambaa, au kwa kupuliza kama una kompresa, lakini kompresa itumie baada ya kuosha. Kupuliza vumbi kavu la breki ni kulivuta mapafuni mwako na mwa jirani.

Kinga

Rimu iliyopakwa kinga huoshwa kwa maji na kitambaa, basi. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, inapendeza kwenye boneti, lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86, na rimu ya mtu anayeteremka milima yetu haiko mbali na joto hilo. Kwa hivyo kwa rimu mimi hupendelea sila, yaani kinga ya kutengenezwa kiwandani, ya kupaka na kufuta, ambayo huvumilia joto zaidi na hudumu miezi miwili mitatu. Kuna na koti la seramiki. Hilo hudumu zaidi lakini linataka rimu iliyosafishwa hadi mwisho, mkono mtulivu na mahali pasipo vumbi. Kulipaka nje, Nakuru, Februari, ni kufungia vumbi ndani ya kioo.

Paka juu ya rimu safi iliyokauka, safu nyembamba, subiri ipungue ung'avu, futa. Usiguse diski. Tone la sila au mafuta ya tairi kwenye diski ni gari lisilosimama.

Na kuhusu tairi: kijana akija na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa au dizeli "kuipa tairi rangi", mwambie asante, leo hapana. Mafuta hayo hudhoofisha mpira, na baada ya kilomita mbili yamesharushwa kwenye rimu, yakisubiri vumbi lije likae.

Ukiwa umechuchumaa hapo

Faida kubwa ya kuosha rimu mwenyewe ni kwamba unazisoma. Linganisha mbele kushoto na mbele kulia. Vumbi liwe sawa. Upande mmoja ukiwa mweusi zaidi wiki baada ya wiki, huenda kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imekwama na pedi inasugua hata usipokanyaga. Gurudumu hilo pia litakuwa la moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi. Mpelekee fundi kabla diski haijaisha. Ukiona ndani ya rimu pamelowa majimaji, na rangi imeanza kuvimba, hofia mafuta ya breki: yanakula rangi, na yakipungua utakanyaga breki na mguu ufike chini. Hiyo usiisubirishe hadi Jumatatu. Grisi nyeusi iliyorushwa pande zote ndani ya pipa mara nyingi ni mpira wa eksili uliopasuka.

Kama unga ni mwingi mno pande zote, muulize fundi ni pedi gani zimefungwa. Pedi zenye chuma kingi hutoa vumbi jeusi zaidi. Za seramiki hutoa kidogo, na rangi yake ni hafifu. Ukiamua kubadilisha, nunua za gari lako, kwa mtu unayemwamini. Pedi bandia si mahali pa kuokolea pesa.

Mara mbili kwa mwaka navua magurudumu niyaoshe ndani vizuri: gari mahali tambarare, hendibreki juu, jiwe nyuma ya gurudumu, nati nazilegeza kidogo kabla ya kuinua jeki, na sitii mguu wala mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kurudisha, nati hukazwa kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Toyota nyingi ndogo hutaka nguvu ya Nyutonimita 103. Kijitabu cha gari lako kitasema yako. Usisimame juu ya spana ukarukaruka.

Ratiba yangu ni kuosha kila Jumamosi, na siku yoyote niliyotoka kuteremka Salgaa au milima ya Nandi, kesho yake asubuhi hata kwa maji matupu.

Ukimaliza, usiegeshe gari likiwa na breki zilizolowa. Zunguka mtaani mara moja, ukikanyaga breki taratibu mara tano sita hadi zikauke. Usipofanya hivyo, asubuhi utakuta diski zimeshika kutu ya rangi ya machungwa na utasikia mkwaruzo ukitoka getini. Huisha baada ya kufunga breki mara chache, lakini unga wake utakuwa umeshatua kwenye rimu uliyoiosha jana.